Nani Ameligusa Fumbo la Desmond Kabla Yangu?

Mpendwa Shangazi Dorothea,

Nisaidie, nakuomba, kabla Jumamosi ya Pasaka haijafika, maana nina jambo moyoni ambalo sijui kama ni dhambi au ni haki yangu, na mume wangu Clive nimemweleza akacheka mpaka akajimwagia chai kwenye suruali, na kasisi wetu siwezi kumweleza kwa sababu naye hujaza chemshabongo hiyohiyo kila Jumamosi na nikifungua mdomo nitakuwa nimemharibia starehe yake.

Mimi ni mwanamke mtu mzima wa hapa Otley, Yorkshire, nimestaafu kazi ya mapokezi kwa daktari wa meno, nina mume, nina wajukuu, nina bustani yenye njegere, na sina sababu yoyote ya kuamka asubuhi nikiwa nimekunja ngumi. Lakini naamka hivyo. Ninachokuandikia kinamhusu mwanamume ambaye si mume wangu, ila usikunje uso, Shangazi, si hivyo unavyofikiri. Ni chemshabongo. Namaanisha zile ngumu za gazetini, za kujaza maneno kwenye visanduku, ambazo kidokezo kinakuonyesha njia huku na jibu limejificha kule, na ukilipata unajisikia kuwa mtu mwenye akili mpaka saa ya chakula cha mchana.

Desmond alikuwa mwalimu wa muziki, mzaliwa wa Leeds, na ndiye mtunzi anayetokea katika gazeti moja la taifa kwa jina la Nungunungu, kwa sababu watunzi hawatumii majina yao, kila mmoja ana la kujibandika. Tangu alipoanza kutunga, mtu wa kwanza kuijaribu kila chemshabongo yake ni mimi. Anaitengeneza, ananiletea karatasi isiyo na majibu, naketi nayo na penseli, nahangaika, namtukana peke yangu jikoni, na nikimaliza namwandikia pembeni, hiki hakieleweki, hapa umewaonea watu, hiki Desmond kitamu mpaka nimepiga meza, kisha anarekebisha ndipo inakwenda kwa mhariri. Kama hujawahi kukaa na fumbo ambalo hakuna jicho lingine duniani lililoliona, Shangazi, huwezi kunielewa. Ni kama kuonja mchuzi jikoni wakati wageni bado wanavua makoti. Jina langu halichapwi popote, wala sikulitaka lichapwe. Nilichotaka ni kuwa wa kwanza, basi.

Sasa sikiliza. Baada ya Krismasi aliniletea karatasi kama kawaida yake, nikavaa miwani, nikaichukua dirishani, na pale pembeni ya kidokezo cha tatu nikaona karatasi imekwaruzwa. Mtu alikuwa ameandika kwa penseli kisha akafuta, na hakufuta vizuri. Nikaiinua kwenye mwanga. Mwandiko haukuwa wa Desmond, Desmond anaandika kama kuku aliyetoka matopeni, huu ulikuwa mwandiko wa mviringo, wa kujipendekeza, wenye mikia. Shangazi, nimewasikia wanawake wakisimulia walivyokuta rangi ya midomo kwenye kola ya mume, nikawa nawaona wanatia chumvi. Sasa najua hawakutia hata punje. Nikakaa juu ya pipa la viazi.

Nilimfuata kwake siku ileile.

"Desmond, nani ameandika hapa?"

"Wapi?"

"Usinifanye mtoto. Hapa. Na hapa. Na hapa pamefutwa mpaka karatasi imetoboka."

Akaitazama karatasi muda mrefu kama aliyeokota kitu cha mtu. "Aa. Rosalind huyo. Aliipitia kidogo."

"Kidogo! Kabla yangu?"

"Kipenzi, ni karatasi tu."

Hapa kwetu kila mtu humwita kila mtu kipenzi, hata dereva wa basi, kwa hiyo hilo halina uzito. Lakini "karatasi tu"! Miaka yote hii mimi nimekuwa nikihangaikia karatasi tu!

Huyu Rosalind Cope ni mgeni aliyetuhamia kutoka Surrey, kule kusini, muuguzi mstaafu, alikuwa akiwaangalia wazee katika wadi fulani, ana nywele fupi za fedha na sauti ya kumbembeleza mtoto mwenye homa. Alijiunga na kikundi chetu cha chemshabongo pale maktaba mwaka jana, na mimi ndiye niliyemkaribisha, mimi ndiye niliyemvutia kiti kando ya Desmond, mgeni njoo mwenyeji apone, sasa mwenyeji ndiye mgonjwa. Kujaza anajua kiasi, sikatai. Ila anauliza majibu kwa sauti. Mtu wa haki haulizi kwa sauti.

Jumanne moja maktabani alinigeukia mbele ya watu wote, akatabasamu, akasema, "Kidokezo kile cha pili, cha kwenda chini, kilinitoa jasho mimi. Wewe dada ulikipata mara moja?"

Nikamwambia, "Sijui unazungumzia nini."

"Kile kwenye ile mpya ya Desmond. Ulishaipata, au bado hajakupa?"

Au bado hajakupa! Shangazi, mbele ya mkutubi! Nikamjibu, "Mimi hupewa ikiwa tayari, mama. Mbichi wanapewa wenye meno ya kutafuna mbichi." Watu wakacheka, lakini nilikwenda chooni nikalia, na nikiwa humo nikatambua kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nimekiri kuwa mimi ni wa pili.

Clive ndio kabisa, hana huruma. Juzi alinikuta nimeegemea friji nikifikiri, akasema, "Mama, unamlilia bwana mwingine mbele yangu, sikatai, ila nipe kwanza chakula." Nikamwambia hanielewi. Akasema, "Nakuelewa sana. Umeletewa mke mwenza, na ndoa yenyewe hukuwa nayo." Akarudi kwenye kriketi yake. Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo, maana ndivyo ilivyo, hasa.

Na usidhani ni karatasi ile moja tu. Tangu Rosalind aingie, Desmond amebadilika kwangu, na kila badiliko lina alama za vidole vyake. Zamani chemshabongo zilinifikia na makosa yake mawili matatu, nikawa na kazi ya kufanya, siku hizi zinanifikia safi, zimepigwa pasi, sina hata pa kuweka penseli, maana kazi yangu ameshaifanya mwingine. Tulikuwa tumeahidiana nipite kwake na keki ya limau, nikapita, mvua ya Machi inanyesha, nikagonga mpaka vidole vikauma, kumbe yupo sokoni anatembea tu, na nilipomwuliza akasema hakumbuki tuliahidiana. Hakumbuki! Mimi nimesahauliwa mlangoni na keki mkononi kama muuza bima. Siku nyingine akanikaribisha chai, akaniwekea sukari vijiko viwili. Sijawahi kunywa sukari tangu alipoanza kunijua, nikainywa, nikajisemea, haya, sasa najua nani hunywa chai yenye sukari nyumba hii. Alinisimulia kisa cha yule mwanafunzi wake aliyemeza kipande cha filimbi, kisa kizuri, nikacheka, akanywa chai, akanisimulia tena toka mwanzo. Nikaona, huyu hata hajui ameongea nami nini, mawazo yako Surrey.

Hata kazi yake imeanza kuharibika kwa ajili ya mwanamke huyo. Vuli iliyopita, Rosalind ndiyo kwanza ameanza kukaa karibu naye, niliikosoa chemshabongo moja kwa uangalifu wangu wote, akanishukuru, kisha akaituma gazetini ile ya zamani, ile yenye makosa, ikachapwa hivyo, wasomaji wakaja juu. Mhariri akamwandikia barua kali. Baada ya Mwaka Mpya ikatokea nyingine, vidokezo viwili vimebadilishana nafasi. Mhariri akamwambia wazi, nami niliambiwa na Desmond mwenyewe akiwa amejikunyata kwenye kiti: ya tatu ikitokea, Nungunungu atapumzishwa. Wanatumia neno hilo, kupumzishwa, kama farasi mzee.

Basi sasa tufike kwenye dhambi yenyewe, au haki yenyewe.

Mhariri amempa Desmond chemshabongo kubwa ya Pasaka, ile ya zawadi, ambayo wasomaji hutuma majibu kuishindania, inayojaa ukurasa mzima, ambayo watu hukaa nayo familia nzima wakigombania kalamu. Hajawahi kupewa, na nadhani ndiyo mizani ya mwisho anayowekwa. Ameniletea niijaribu, baada ya Rosalind bila shaka, nikaijaza, ni nzuri, inaniuma kusema ni nzuri. Lakini katikati kabisa kuna jibu ambalo ni Skipton. Mchezo wa herufi umekaa sawa, hauna kasoro. Tatizo ni maelezo yake. Ameandika kwamba ni mji wa Lancashire, mkoa jirani na mahasimu wetu tangu zamani, wakati Skipton iko Yorkshire kama Otley na Leeds.

Shangazi, wewe ni wa huku, sina haja ya kukueleza. Ukimwambia mtu wa Skipton kwamba yuko Lancashire, ni afadhali umtukanie mama yake, maana mama yake naye atatoka kukupiga. Yorkshire nzima itaandika barua. Na Skipton ndiko nilikozaliwa mimi! Desmond anapajua, alikuja kumzika mama yangu pale, alipiga kinanda kanisani, tulikula nyama baridi na mikate kwa shangazi yangu nyuma ya soko la ng'ombe. Mtu wa Leeds, Shangazi! Rosalind hakuona kosa kwa sababu watu wa kusini kwao kaskazini yote ni shamba moja lenye kondoo. Lakini Desmond? Nimefutika kichwani mwake kiasi hicho? Mtu akishapata mpya, hata kaburi la mama yako analihamishia mkoa mwingine?

Sikuandika kitu pembeni. Nilimrudishia karatasi nikasema, "Safi. Sina neno." Akanishika mkono akasema, "Una hakika? Tazama tena, tafadhali." Nikasema nina hakika. Nikaenda nyumbani nikatengeneza pai ya kuku, na Clive akasema siku nyingi hajanisikia nikiimba.

Na haijaishia hapo. Mimi ni mhakiki pia. Ipo tovuti ya wapenzi wa chemshabongo ambamo tunapeana zamu, kila mmoja na siku yake, unaichambua chemshabongo ya siku yako kidokezo kwa kidokezo, unaeleza jibu limetoka wapi, unasifu, unachapa, kisha watu wanateremka chini na maoni yao, na mtunzi naye hupita kushukuru hata kama mgongo unamuwasha. Hizi za zawadi tunazihakiki baada ya muda wa kutuma majibu kwisha. Adabu yetu ni moja, aliyelijaribu fumbo halihakiki, ndiyo maana kila ikitoka ya Nungunungu mimi hubadilishana zamu na mwenzangu, wala hakuna anayejua kwa nini. Ya Pasaka imeangukia zamu yangu. Sijabadilishana. Sentensi ya kwanza ninayo tayari, naosha vyombo nayo, nalala nayo: "Nungunungu, ambaye zamani alikuwa makini, safari hii ameihamisha Skipton bila kuwauliza wenyeji." Ni sentensi nzuri, Shangazi. Sijaandika nzuri kama hiyo mwaka mzima.

Lakini tangu juzi pai hainishuki vizuri. Bado kuna muda wa kumwambia, chemshabongo haijaondoka kwa mhariri, ataituma mwisho wa wiki hii. Niambie kama mtu asiye na upande. Kama Rosalind ndiye wa kwanza siku hizi, je, makosa si ya wa kwanza? Mimi nina deni gani? Mtu aliyekuvua cheo anaweza kukudai kazi ya cheo hicho? Na nikinyamaza tu, nikakaa kimya nyumbani kwangu na mume wangu, nimemfanyia nani ubaya?

Wako mwenye kuumia,
Wa Pili, Otley


SHANGAZI DOROTHEA ANAJIBU

Bibi Wa Pili,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, na Clive nampelekea salamu, mpe chakula chake. Mara ya pili sikucheka, nikaitoa kwenye foleni nikaiweka juu ya watu wenye shida za majirani na ua, na mhariri wangu nimemwomba akupigie simu akusomee jibu hili leo hii, kabla halijachapwa, kwa namba uliyoandika nyuma ya bahasha. Utaona kwa nini.

Wivu wako sitaukemea. Umempa mtu macho yako na penseli yako miaka mingi, hukudai jina wala senti, ulidai nafasi moja tu, na nafasi hiyo ukaikuta imekaliwa. Hiyo inauma. Wivu wangu mimi uliwahi kuniuma kwa sababu ndogo kuliko hiyo, kwa ajili ya kwaya, na siongezi neno. Unaona haya kulia chooni? Acha kuona haya. Waliolia kwenye vyoo vya maktaba ni wengi.

Sasa kaa chini.

Mimi sijui chemshabongo. Marehemu mume wangu alizijaza, mimi nilikuwa namfungia samaki kwa ukurasa uleule. Lakini najua kusoma barua, ndiyo kazi yangu, na yako ina ajabu moja: kila swali umelijibu kwa neno lilelile. Kasahau miadi, Rosalind. Katia sukari, Rosalind. Karudia kisa, Rosalind. Katuma karatasi isiyo yake, Rosalind. Kabadilisha vidokezo nafasi, Rosalind. Kaisahau Skipton, ambako alimpigia kinanda mama yako siku ya kuzikwa, Rosalind. Mwanamke mmoja na mikia yake ya penseli ameyaweza yote hayo? Mtu mwenye akili kama zako, anayewachambulia wenzake kila neno linatoka wapi, hakukaa hata dakika moja akajiuliza: je, kama si yeye?

Mtoe Rosalind humo. Nakuomba, mtoe, kisha jisomee barua yako. Kuna mzee anayesahau alichoahidi jana. Anasahau rafiki yake anakunywaje chai. Anasimulia jambo na kulisimulia tena kikombe kikiwa bado cha moto. Anatuma karatasi ya zamani akidhani ni mpya. Na mzaliwa wa Leeds anaweka Skipton Lancashire! Bibi, mtoto wa Leeds halisahau hilo hata akiwa amelewa.

Mimi si daktari na sitasema ana ugonjwa gani. Yaweza kuwa dawa anazokunywa, yaweza kuwa usingizi, yaweza kuwa majonzi, yaweza kuwa lile tunaloogopa wote tuliofika umri huu. Lakini haimaanishi kwamba amekuchoka. Desmond haoni sawa njia yake, na anajua. Ndiyo maana aliitazama karatasi ile "muda mrefu kama aliyeokota kitu cha mtu." Hayo ni maneno yako, si yangu. Macho yako yaliona kila kitu, Bibi. Wivu ndio uliokaa mlangoni ukakataa kupokea.

Na huyo Rosalind. Muuguzi. Wa wazee. Wewe mwenyewe umeniandikia, kisha ukapita mbio ukaenda kwenye nywele zake! Unadhani mwanamume anayeanza kupotewa na mambo atampelekea nani karatasi yake mbichi, yenye makosa ya kutia aibu? Atampelekea yule anayemwonea fahari kuliko wote? Hata kidogo. Atampelekea mgeni aliyekwisha kuona wengi wa namna hiyo na ambaye hatashtuka. Akishasafishiwa, ndipo ana ujasiri wa kukuletea wewe. Zile chemshabongo zilizokufikia zimepigwa pasi, ulizozinunia, zilipigwa pasi kwa ajili yako. Huyo bibi wa Surrey hakunyang'anya nafasi yako. Amepewa nafasi ambayo Desmond hakuweza kukuonyesha.

Naweza kuwa nimekosea. Ningefurahi. Lakini hata nikikosea, lile ulilofanya halibadiliki, na sasa nakugombeza.

Alikushika mkono akakuuliza, "Una hakika? Tazama tena, tafadhali." Mtunzi wa miaka yote hiyo, anakusihi utazame tena! Huyo alikuwa anaomba msaada kwa njia pekee aliyobaki nayo. Nawe ukasema safi, ukaenda kupika pai huku unaimba. Unaniuliza ukinyamaza umemfanyia nani ubaya. Umemfanyia yeye, ulishaufanya, na bado unaufanya kila saa karatasi hiyo ikikaa kwake bila wewe kurudi. Na ile sentensi yako nzuri, ya kuosha nayo vyombo, ni mbaya. Ingekuwa nzuri kama ungeiandika juu ya mtu mzima wa afya anayekutania. Umepanga kumchapa rafiki hadharani kwa kosa ulilolificha wewe mwenyewe mfukoni, kisha akapite pale chini ya uhakiki kukushukuru, maana ndiyo adabu yenu. Usiiandike. Wala usiihifadhi kwa siku nyingine.

Unauliza aliyekuvua cheo anaweza kukudai kazi ya cheo hicho. Hakukuvua. Ulijivua mwenyewe siku uliyorudisha karatasi isiyo na alama.

Haya, utafanya hivi. Vaa koti uende kwake leo. Si simu, simu ni ya waoga na wauza madirisha wanaotusumbua majumbani. Usimchukue Clive. Ukifika, mwambie kuhusu Skipton kabla hujaketi, kwa maneno machache, usirekebishe kwa siri ukampelekea mhariri nyuma ya mgongo wake, kazi ni yake na kalamu ni yake, arekebishe mwenyewe ukimwangalia, kisha muipitie yote tena mezani pamoja, kila kidokezo, na ile karatasi iliyosahihishwa iwekwe ndani ya bahasha mbele ya macho yenu wawili, ile ya zamani ichanwe. Zamu ya Pasaka mpe mwenzako jioni hii hii, usitoe sababu, hujawahi kutoa. Halafu muulize Desmond anajisikiaje siku hizi, na uulize kama mtu anayetaka kujua, na akisema mambo ni shwari umwambie ya keki na ya sukari bila kumlaumu, umwombe aende kwa daktari, na umwambie kwamba utamsindikiza. Yawezekana kabisa ameshakwenda. Yawezekana Rosalind ndiye aliyemsindikiza. Kama ni hivyo, katika hili wewe kweli ni wa pili, na utalazimika kulimeza bila maji. Nenda hivyohivyo. Rosalind naye mtafute baada ya siku mbili tatu, umwombe radhi kwa maneno yako ya meno, na mgawane kazi, maana inakuja nyingi na haitamtosha mtu mmoja.

Jambo moja litakuwa gumu kuliko yote. Desmond atakuuliza kosa hilo ulilijua tangu lini. Usimwambie umeliona asubuhi hii. Kila siku sasa anajiuliza kama anaweza kuiamini akili yake, usimfanye asiweze kukuamini na wewe. Mwambie uliliona siku ileile, ukanyamaza kwa wivu. Ataumia, na huenda akakuonyesha mlango. Akikuonyesha mlango, toka, na kesho asubuhi rudi ugonge tena.

Dorothea